Asidi Katika Damu ya Mgonjwa wa Moyo

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu wapendwa, na wenzangu tuliokula maharage ya bweni pamoja:

Mmeniomba niseme juu ya moyo, kwa kuwa wengi wetu tumeshapita miaka 50. Nitachagua jambo moja, tena mnalijua tangu maabara ya shule: asidi na alkali.

Damu ya mtu mwenye afya ina pH kati ya 7.35 na 7.45. Ikishuka kutoka 7.4 hadi 7.0 mtadhani tofauti ni ndogo. Kumbe asidi imekuwa mara mbili na nusu.

Mshipa wa moyo ukiziba, mgonjwa huhema mbio kwa maumivu na hofu. Hapo mwanzo damu yaweza hata kuzidi ualkali, maana anatoa kaboni dayoksaidi nyingi. Moyo ukilegea, mambo hugeuka. Misuli hukosa oksijeni, na asidi ya laktiki hujaa, ileile ijaayo mapajani mwa mkimbiaji wa mita 400. Mapafu nayo yakiingia maji, kaboni dayoksaidi hubaki ndani. Asidi juu ya asidi! Moyo huzidi kudhoofika, na dawa za kuuchochea hupungua nguvu.

Zamani moyo ukisimama, madaktari walikimbilia chupa ya bikaboneti ya sodiamu, ndugu yake magadi. Hesabu ilionekana sawa. Lakini kumbukeni magadi yakitiwa kwenye siki: povu lile ni kaboni dayoksaidi. Damu isipotembea, gesi hiyo haifiki mapafuni. Huingia ndani ya chembe za moyo na kuzidisha asidi humo. Mwaka 1986 miongozo ya Marekani iliacha kuipendekeza kwa kila mgonjwa. Haikutupwa, potasiamu ikizidi mno damuni, bado tunaitumia.

Kinachoondoa asidi ni damu kutembea na hewa kuingia. Basi mtu akianguka, haitikii wala hapumui sawasawa, mmoja aite gari la wagonjwa, mwingine abonyeze katikati ya kifua, sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mkichoka, pokezaneni. Msimsubiri daktari, huenda aliyeanguka ni mimi.

Ndugu mmoja aliniuliza wakati wa chai kama tuache ndimu. Endeleeni nazo, mapafu na figo zenu zinaimudu asidi hiyo. Chumvi na sigara nitazisema baada ya chakula, si kabla.