Ndege Mpya, Kazi ya Nani?

Hotuba ya Kamati ya Elimu katika mkutano wa tawi



Tumeombwa tueleze jinsi kampani ya ndege inavyopanga kuziondoa ndege zake kuukuu za safari ndefu na kuleta mpya. Wako waliouliza jambo hili latuhusu nini, maana kununua ndege ni shauri la wakubwa. Latuhusu sana, nasi tutalieleza kwa mfano ulio karibu, yaani Kenya Airways ilivyoziondoa Boeing 767 na kuleta Boeing 787. Habari zenyewe zilitangazwa wazi. Hatutoi siri ya mtu.

Kwanza ieleweke kwamba ndege haiondolewi kwa kuwa imetoboka kama kiatu. Ikitunzwa huruka miaka thelathini na zaidi. East African Airways ilipovunjika mwaka 1977, ndege zake za Super VC10 zilirudi kwa mtengenezaji Uingereza, zikageuzwa kuwa za kubebea mafuta ya ndege za kijeshi. Mojawapo, ambayo ndiyo VC10 ya mwisho kuundwa, iliruka mpaka Septemba 2013. Kampani ilikufa, ndege yake ikaendelea kuishi miaka 36.

Kinachoiondoa ndege ni hesabu. Inakula mafuta mengi kuliko ndege mpya za washindani. Kila inapoingizwa bandani kwa matengenezo makubwa, mafundi hukuta mengi zaidi ya kufanya, nayo hukaa chini siku nyingi zaidi, na ndege iliyokaa chini haileti hata senti. Wakubwa huweka gharama hizo upande mmoja wa mizani, na upande wa pili huweka deni la ndege mpya.

Basi 767 zilianza kuingia Kenya Airways mwaka 2001. Mwaka 2006 kampani ikaagiza 787 sita, na baadaye jumla ikawa tisa. Mtengenezaji aliahidi kwamba zitapunguza mafuta kwa asilimia 20 hivi. Ilitazamiwa ya kwanza ifike mwaka 2010. Lakini Boeing wenyewe wakachelewa: 787 ya kwanza kabisa ilikabidhiwa Wajapani, kampani ya All Nippon Airways, mnamo Septemba 2011, na ya kwanza ya Nairobi ikapokelewa Aprili 2014. Angalieni hapo, ndugu. Mtoto aliyezaliwa siku ya kuagiza alikuwa yuko darasa la pili siku ya kupokea. Bei ya mafuta, idadi ya abiria, thamani ya shilingi, yote yalikuwa yamekisiwa miaka minane nyuma, na waliokisia ni wanadamu kama sisi, ijapokuwa mishahara yao si kama yetu.

Na dunia haikungoja. Agosti 2013 uwanja wa Jomo Kenyatta uliungua. Septemba likaja shambulio la Westgate, watalii wakaogopa. Mwaka 2014 ugonjwa wa Ebola ulisimamisha safari za Liberia na Sierra Leone. Wakati huo huo ndege zilikuwa zikiingia moja baada ya nyingine, pamoja na 777-300ER tatu, na deni lake ni la dola. Shilingi ikishuka, deni hupanda bila mtu kukopa zaidi. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Machi 2015 hasara ilikuwa shilingi bilioni 25.7, na uliofuata bilioni 26.2. Mwaka 2016 zile 777 tatu zikakodishwa kwa Turkish Airlines, na 787 mbili kwa Oman Air. Ndege zilizongojewa kwa hamu zikaenda kubeba abiria wa watu wengine. Mwaka 2017 mabenki yakageuza madeni yao kuwa hisa, na Serikali ikasimama mdhamini.

Hatusemi ndege yenyewe ni mbaya. Oktoba 2018 ndiyo iliyoanza kwenda New York moja kwa moja, saa kama 15 angani, safari ambayo 767 haikuwa na nguvu ya kuifanya. Twasema kwamba hesabu ya ndege ilipigwa mapema sana, na ya watu ilipigwa mwisho.

Kumbukeni mwaka 2012. Ndege mpya zilikwisha kuagizwa, na mwaka huo huo wafanyakazi 447 wakaachishwa kazi. Chama chao kilikwenda mahakamani. Desemba mwaka huo Mahakama ya Kazi iliamuru warudishwe, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikaitengua amri ya kuwarudisha. Kesi ilichukua miaka, na mtu hawezi kulisha watoto kwa kesi.

Sasa tuingie bandani, maana hapa ndipo wengi hawatazami. Mwili wa 767 ni wa aluminiamu. Fundi wake anajua bati, anajua ribiti, anajua kutafuta kutu. Karibu nusu ya uzito wa 787 ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi. Haishiki kutu, na ufa wake hauonekani kwa macho kama ufa wa bati. Tena mtengenezaji alipanga ukaguzi mkubwa wa mwili ufanywe baada ya miaka 12, ambapo 767 ni miaka sita. Kwa mwenye kampani hiyo ni faida. Kwa fundi ni nusu ya ile kazi kubwa imekwenda, na nusu iliyobaki yataka ujuzi mwingine. Mambo haya yalijulikana tangu siku ya kuagiza. Miaka minane yatosha kumfundisha fundi mzima tangu mwanzo, wacha mwenye ujuzi tayari.

Kwa hiyo chama kinachongoja ndege itue ndipo kiulize kimechelewa. Yatupasa kuuliza siku ya kutia sahihi: mafundi wangapi watafundishwa, nani atalipa, matengenezo makubwa yatafanywa hapa au ng'ambo, na wanaozitunza zile kuukuu mpaka siku ya mwisho wamewekewa nini. Majibu yaandikwe katika mapatano, wala si katika hotuba ya Meneja.

Nayo saa haijasimama. Ukiongeza miaka 12 juu ya 2014 unapata 2026. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2025, 787 tatu kati ya tisa zilikaa chini kwa shida ya injini, na hasara ikapita shilingi bilioni 12. Huko kwa Boeing na Airbus foleni ya wanunuzi ni ya miaka mingi, hivyo atakayetaka ndege miaka ya 2030 hana budi kuagiza mapema. Barua ya chama kuomba kikao juu ya jambo hili imekwisha kuandikwa, na Katibu ataisoma sasa kabla ya maswali. Mafundi wa mabati tunaomba waanze kuuliza.