Lumbesa na Misuli ya Mbeba Gunia



Jumapili soko la Kibuye, Kaunti ya Kisumu, linapofurika, magunia hushushwa kutoka kwenye malori kwa mabega ya watu. Ni vyema kila mbeba gunia ajue kinachofanya kazi hiyo mwilini mwake.

Binadamu ana misuli zaidi ya 600 iliyoshikamana na mifupa, mingi kwa kano. Ukichambua kwa vidole nyama ya ng'ombe iliyochemshwa ikaiva, itaachana nyuzi nyuzi. Huo ndio msuli: mafungu ya nyuzi, na kila uzi ni seli moja ndefu. Ndani ya uzi mmoja mna nyuzi ndogo zaidi za protini mbili, aktini nyembamba na miosini nene, zilizopishana kama vidole vya mikono miwili.

Ubongo ukiamuru, ujumbe hupita kwenye neva hadi msulini. Kalsiamu humwagika ndani ya uzi, na vichwa vya miosini hushika aktini, huivuta, huachilia, kisha hushika tena mbele kidogo, kama wavuvi wanavyokokota wavu mkono kwa mkono. Msuli hufupika. Wanasayansi waliueleza utaratibu huu mwaka wa 1954. Hata kuachilia kunahitaji nishati. Ndiyo maana maiti hukakamaa.

Kumbukeni pia kwamba msuli hujua kuvuta tu. Hata anayesukuma mkokoteni, misuli yake inavuta mifupa. Kwa hivyo misuli hufanya kazi kwa jozi: mmoja ukikunja mkono, mwenzake huunyoosha.

Sasa tuzungumzie lumbesa. Kanuni za viazi za mwaka wa 2019 zinaweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Gunia lililovikwa kilemba hupita hapo, na anayelipia ni mgongo wa kijana. Mzigo ukizidi, nyuzi za misuli huchanika.

Unapoinua mzigo, kunja magoti, uukumbatie karibu na kifua, kisha uinuke kwa nguvu ya mapaja na makalio, kwa kuwa huko ndiko kwenye misuli mikubwa. Usijipinde kiuno ukiwa umeubeba. Kunywa maji na upumzike.

Maumivu ya siku mbili tatu baada ya kazi nzito ni kawaida. Lakini mkojo ukigeuka rangi ya kahawia kama strungi, seli za misuli zimepasuka, na kinachovuja chaweza kuharibu figo. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Fanya vivyo hivyo miguu ikifa ganzi au mkojo ukikataa kuzuilika.

Mfanyabiashara, funga gunia kwa kipimo halali. Mbeba mzigo, una haki ya kukataa lumbesa. Pesa za siku moja hazinunui mgongo mwingine.