Tovuti: Tujenge Wenyewe au Tuchukue Iliyo Tayari?

(Mada iliyotolewa katika mkutano wa kamati za parokia)





Nimeombwa nieleze jambo ambalo limetugawa: je, tovuti yetu ya habari na majadiliano ijengwe upya tangu mwanzo, au tuchukue programu iliyo tayari?

Wengi wenu mmesimamia ujenzi, basi nianzie hapo. Ziko programu zinazokupa msingi na nguzo tu, tuziite viunzi. Mojawapo ni Django, iliyozaliwa katika gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas, Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 2005. Kiunzi hurahisisha kutunza kumbukumbu na kutengeneza kurasa, lakini kuta, milango na paa ni kazi ya fundi wako.

Ziko pia programu ambazo ni nyumba kamili. phpBB ni ya majadiliano. WordPress, iliyoanza mwaka 2003, ni ya kutoa habari. Drupal, iliyotolewa mwaka 2001, hubeba yote mawili. Joomla, ya mwaka 2005, hata jina lake limetokana na neno letu "jumla". Zote hizi hazina bei. Unahamia na kupanga vyombo.

Sisi mara ya kwanza tulichagua kujenga. Kijana aliyetujengea alikuwa hodari. Alipopata kazi mbali, hakubaki mtu wa kuongeza hata ukurasa mmoja, na fedha za wafadhili zikalala. Kosa halikuwa lake. Ni sisi ambao hatukuuliza nani atairithi kazi ile.

Hata hivyo, nyumba iliyo tayari nayo inataka matengenezo. Tarehe 15 Oktoba 2014 watunzaji wa Drupal walitangaza tundu kubwa la usalama pamoja na dawa yake. Wiki mbili baadaye walionya kwamba tovuti ya Drupal 7 ambayo haikuzibwa ndani ya saa 7 baada ya tangazo ihesabiwe kuwa imeingiliwa. Tena, Drupal 7 yenyewe iliacha kuhudumiwa na watunzaji hao tarehe 5 Januari 2025. Tofauti ni kwamba hapo kulikuwa na watu wa kupiga mbiu. Tundu lililo katika programu uliyojiandikia mwenyewe, ni nani atakutangazia?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kwa habari na majadiliano tuchukue programu iliyo tayari; mahitaji yetu hayatofautiani na ya wengine. Kiunzi tukiweke kwa kazi isiyo na mfano wake, kama daftari la miradi yetu ya maji. Pili, kila parokia iteue watu wawili, si mmoja, wenye neno la siri na ujuzi wa kusasisha programu. Tatu, kila andiko la kuomba fedha liwe na fungu la matunzo la kila mwaka.

Ndugu wafadhili, hili la tatu linawahusu hasa. Fungu hilo halina picha ya kupendeza ya kuweka ukutani, lakini bila hilo mtatuchangia tovuti ileile mara mbili.