Kimya cha Kisimani

Hotuba ya mwalimu mstaafu, aliyekuwa mkazi wa Juba Na Bari, siku ya kumbukumbu ya tarehe 15 Desemba, kambi ya Kakuma



Nimeombwa niseme machache juu ya mgawanyiko wa siasa na jinsi unavyozaa vita. Mimi si mwanasiasa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikaishi mtaa wa Juba Na Bari, mjini Juba, mpaka Julai 2016. Nitasema niliyoyaona, hata lile linaloniaibisha.

Katika kura ya maoni ya Januari 2011, karibu watu 99 katika kila 100 walichagua nchi yetu ijitenge. Tarehe 9 Julai 2011 tukapata uhuru. Miaka miwili tu baadaye, Julai 2013, Rais Salva Kiir alimwondoa makamu wake, Riek Machar. Ugomvi wao ulikuwa wa uongozi wa chama na nani atagombea urais. Ugomvi kama huo upo katika kila nchi. Tarehe 14 Desemba 2013 baraza la chama lilikutana Nyakuron. Usiku wa tarehe 15, walinzi wa rais wakaanza kupigana wao kwa wao.

Kulipokucha, jambo lile halikuwa tena la chama. Watu waliulizwa lugha yao barabarani. Wengine walitazamwa chale za kipaji cha uso. Wanuer wengi waliuawa Juba, hata waliokuwa wamefungiwa katika kituo cha polisi cha Gudele. Kisha kikaja kisasi, na Wadinka na watu wengine wakauawa Bor, Malakal na Bentiu. Tume ya Umoja wa Afrika, chini ya Olusegun Obasanjo, iliandika maovu ya pande zote mbili. Hakuna upande hapa unaoweza kunyosha kidole bila kujinyoshea mwenyewe.

Sasa nirudi mtaani kwangu. Pale Juba Na Bari tulikuwa mchanganyiko: Wabari wenye ardhi yao, Wakuku, Wazande, Wadinka, Wanuer. Tulisemezana kwa Kiarabu cha Juba. Siku risasi zilipopungua kidogo, nilikwenda kisimani. Tulikuwa watu kama kumi, tunasimulia tuliyoyasikia. Akaja mama mmoja Mnuer na mtungi wake. Nilikuwa nimewafundisha watoto wake wawili. Alipofika, sote tukanyamaza. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemsalimu pia. Alijaza mtungi nusu tu, akaondoka. Jioni nyumba yake ilikuwa imefungwa, na sikumwona tena.

Ndugu zangu, wahenga walisema: kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi sikushika bunduki. Lakini siku ile bunduki zilihitaji kwamba majirani tunyamaze, nami nikanyamaza.

Wengi wetu tuna ndugu Marekani, waliochukuliwa kutoka kambi hii hii tangu karibu mwaka 2000. Tulizoea kufikiri kwamba huko mambo haya hayapo. Lakini tarehe 6 Januari 2021 umati uliokataa matokeo ya uchaguzi ulivunja milango ya bunge lao, na mpaka leo watu wa huko wamegawanyika sana. Tofauti ni kwamba usiku ule ule wabunge walirudi, wakamaliza kazi ya kuthibitisha kura, na jeshi halikugawanyika. Kwetu jeshi liligawanyika usiku mmoja, na askari wengi wakakimbilia kwao. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba sisi tuna damu mbaya. Sisi tulikosa kizuizi. Hapa kambini hatuna bunge wala jeshi, kwa hiyo kizuizi ni sisi wenyewe.

Nasema haya kwa sababu Machi 2025 Riek Machar aliwekwa kizuizini nyumbani kwake Juba, na Septemba 2025 akafunguliwa mashtaka, likiwemo la uhaini, ambayo upande wake unayakana. Habari hizo zilipofika hapa, nilikwenda bombani, nikakisikia kimya kile kile. Msichana mmoja alikuja na mtungi, na mazungumzo yakakatika. Safari hii nilimsalimu kwa sauti, nikamuuliza habari za mama yake. Mazungumzo yakaanza tena. Ni jambo dogo, lakini linawezekana.

Tukumbuke pia kambi ya Rhino, Uganda. Juni 2018 vijana waligombana wakati wa kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Ugomvi ukapewa jina la kabila, na watu wakafa.

Kwa hiyo naiomba Kamati mambo matatu. Kwanza, habari yoyote kutoka Juba, ya simu au ya mdomo, iulizwe kabla ya kupitishwa: nani ameona, wapi, lini? Asiyeweza kujibu, anyamaze. Kimya hicho ni kizuri. Pili, vijana wakipigana, tuseme ni fulani na fulani wamepigana. Tusiseme kabila fulani limepigana na kabila fulani. Wapelekwe kwa kiongozi wa bloku siku ile ile. Tatu, bombani kukiwa kimya mtu akifika, mkubwa wa umri aliyepo atoe salamu. Iwe wajibu wake.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika, nasema kwa heshima: msingoje fujo ndipo muwaite wazee. Na mgao ukibadilishwa, tuelezeni mapema na kwa uwazi. Mahali habari isipofika, uvumi hufika.

Viongozi wetu wamesaini mapatano Agosti 2015 na tena Septemba 2018. Sisi hatukuitwa kusaini. Mapatano yetu tunayafanya kila asubuhi kwenye foleni ya maji.

Yule mama wa Juba Na Bari, kama yu hai na maneno haya yakamfikia, namwomba radhi. Nilipaswa kumsalimu.