"Ni Vumbi Tu la Duara": VVU, Kifua Kikuu na Wachimbaji Wetu

(Hotuba ya mratibu wa mradi kwa viongozi wa sharika na vikundi vya huduma ya wagonjwa majumbani)

 

Tunapowatembelea wagonjwa Kakola, Nyarugusu na Rwamgasa, mara nyingi tunajibiwa: "Ni vumbi tu la duara, litapita." Tumezika zaidi ya kijana mmoja aliyesema hivyo, baada ya miezi ya kunywa dawa za kikohozi za dukani bila kupimwa. Leo tunapenda kueleza kwa nini kikohozi cha mchimbaji mwenye VVU hakisubiri.

Wengi tumefundishwa kwamba VVU huua askari wa mwili. Ni kweli, ila askari hao wana kazi tofauti. Tuchukue mfano wa sungusungu, ulinzi ulioanza huku kwetu Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wapo vijana wa kumkamata mwizi, na yupo kamanda wa kupiga filimbi na kutoa amri. Kamanda akiuawa, vijana wapo, lakini mwizi anapita katikati yao.

Ndani ya mapafu wapo walinzi ambao kazi yao ni kumeza vijidudu. Bakteria wa kifua kikuu, aliyegunduliwa na Robert Koch mwaka 1882, akiingia kwa hewa humezwa na walinzi hao. Lakini hafi upesi. Huweza kuishi ndani ya mlinzi aliyemmeza. Ndipo chembe za CD4, yaani makamanda, hutoa ishara ya kemikali. Mlinzi hupata nguvu ya kumwua, au walinzi humzingira na kumfungia kama mahabusu. Kwa hiyo watu wengi wana vijidudu hivi bila kuugua. Kati ya watu 100 wa namna hiyo wasio na VVU, wanaougua katika maisha yao yote ni kama 5 hadi 10. Mwenye VVU asiyetumia dawa anaweza kuwa na hatari ya kiasi hicho kwa mwaka mmoja tu.

VVU huua makamanda, na huingia hata ndani ya walinzi wenyewe na kuwadhoofisha. Mlango wa mahabusu unafunguka. CD4 pia husaidia mwili kutengeneza kingamwili, hivyo bakteria wa nimonia nao hupata nafasi.

Ndugu zangu, madhara haya hayangoji mtu akonde. Utafiti wa wachimbaji wa dhahabu wa Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba hatari ya kifua kikuu iliongezeka maradufu ndani ya mwaka wa kwanza wa maambukizi ya VVU.

Na vumbi je? Vumbi la mawe ya dhahabu lina silika. Walinzi wa mapafu wakilimeza, linawaharibu. Utafiti mwingine wa huko huko, wa mwaka 2000, uliona kwamba hatari ya VVU na hatari ya ugonjwa wa vumbi hazijumlishwi, bali huzidishana. Kwa hiyo anayesema "ni vumbi tu" ametaja sababu mojawapo ya kwenda kupimwa.

Tufanye nini? Kwanza, anayekohoa apimwe kifua kikuu na VVU kwa pamoja. Pili, makohozi yakionekana safi kwenye darubini, tusiridhike. Mwenye VVU huweza kuugua huku vijidudu ni vichache kwenye makohozi. Tuombe kipimo kingine au picha ya kifua. Tatu, mwenye VVU aanze dawa mapema. Zamani wagonjwa walisubiri CD4 zishuke. Tangu mwaka 2016 Tanzania inaelekeza kila anayegundulika aanzishiwe dawa. ARV hurudisha makamanda kazini. Asiye na kifua kikuu aulize pia dawa ya kukizuia. Nne, kwenye makarasha na maduara, mawe yamwagiwe maji kabla ya kupondwa au kutobolewa.

Kifua kikuu cha kawaida hutibika kwa miezi 6, hata kwa mwenye VVU. Tukimsikia kijana anasema "litapita", tusimwachie maombi peke yake. Tumsindikize hadi zahanati.