Kiwanja cha Ndege: Tupime Kwanza
Maneno yaliyosemwa mbele ya wakaaji wa siti



Kampani inataka kurefusha kiwanja chetu kidogo cha ndege. Wengine kati yetu wanasema kifungwe, udongo ugawanywe malupango. Sisi hatutaki kifungwe. Wakati wa mvua barabara inakufa, na mgonjwa hawezi kungoja barabara.

Lakini tuangalie mwisho wa kiwanja. Tarehe 8 Januari 1996, kule Ndolo, Kinshasa, ndege yenye mzigo kupita kipimo ilishindwa kupanda, ikaingia sokoni. Watu zaidi ya 200 walikufa, na wao hawakuwa wasafiri: walikuja kuuza na kununua. Goma, moto wa Nyiragongo wa 2002 ulifunika kipande cha kiwanja, kikabaki kifupi. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ilikosa kupanda, ikaangukia watu wa Birere. Na huku kwetu juu, kama Goma, hewa ni nyepesi. Ndege inakimbia mbali zaidi mbele ya kuruka.

Basi urefu unahitajika. Lakini utakula lupango la nani? Barua inasema «watu wachache watasogezwa». Sisi makarani ndio tunaopiga barua za namna hii kwenye mashini; tunajua neno «wachache» linaweza kuficha mtaa mzima.

Tunadai malipo yatolewe mbele ya nyumba kubomolewa, na wenye nyumba wakae katika mapatano.

Jumapili saa nane tutapima kutoka mwisho wa kiwanja mpaka nyumba ya kwanza. Kila mwenye lupango alete karatasi yake.