Saruji ya Jumatatu

Pale Sigalagala, kando ya barabara ya Kakamega na Kisumu, vijana hujifunza ufundi. Mmoja aliniuliza: "Mchungaji, kontrakta akiniambia nipunguze saruji, nikatae nikose kazi?" Sikumjibu upesi, nyumbani wanamtegemea.

Wamishonari wa Marafiki waliofika Kaimosi mwaka 1902 waliiita misheni yao ya ufundi. Mbao na maombi vilikaa pamoja. Sisi tumevitenga: Jumapili ya Bwana, Jumatatu ya kontrakta. Lakini katika Marko 6:3 Yesu anaitwa seremala.

Chini ya ukuta ule atalala mtoto wa mtu. Kijana, kataa. Nasi washirika, akirudi mikono mitupu, tumtafutie kazi, si kumwombea tu.

Tuombe.